Nimelipia Muhuri kwa Hiari Yangu

Mimi muhuri umenitesa maisha yangu yote. Muhuri wa mtaa, muhuri wa mwanasheria, muhuri wa shule ya mtoto, na kila ukifika, mwenye muhuri katoka kidogo kwenda kunywa chai. Sasa nisikilizeni: mwezi uliopita nimetoa hela mfukoni mwangu, tena ya kigeni, nikamwomba dada wa watu anigongee muhuri. Sikulazimishwa. Na nilikuwa na akili zangu timamu.

Nilikwenda Zürich, kule Uswisi, kumtembelea mpwa wangu. Ile viza hata sitaki kuikumbuka: taarifa za benki, barua ya mwajiri, picha ambayo hutakiwi kucheka (kana kwamba kulikuwa na cha kuchekesha), ushahidi kwamba nitarudi kwetu. Nilihojiwa mpaka nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nimefika, nimepumzika siku mbili, kijana ananiambia: "Mjomba, Jumamosi twende nchi nyingine. Asubuhi tunaenda, jioni tunarudi. Inaitwa Liechtenstein."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaachana nayo.

Mimi na mipaka tunajuana. Nikapakia bahasha yangu yote: viza, bima, tiketi ya kurudi, mpaka nakala ya cheti cha ndoa, maana huwezi kujua mtu ataamkaje. Tukapanda treni hadi Sargans, pale tukaingia kwenye basi la rangi ya ndimu. Nikakaa wima, bahasha mapajani, nasubiri kushushwa. Basi likavuka mto Rhine. Tukapita mahindi. Tukapita ngome juu ya kilima. Nikamuuliza mpwa, "Mpaka uko mbali?"

"Tumeshaupita, mjomba. Kitambo."

Jamani! Mtu nimeuza mpaka friji, halafu hakuna hata askari wa kuniangalia kwa jicho baya!

Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 160. Unguja inaimeza mara kumi. Watu wake wapata 40,000. Haina uwanja wa ndege. Jeshi walilivunja mwaka 1868, hela wanatumia faranga ya Uswisi. Mpwa akanieleza kwamba mwaka 2007 wanajeshi wa Uswisi wapatao 170 walipotea usiku wakaingia humo na bunduki zao, wakashtuka, wakageuza. Wenye nchi hawakuwa na habari. Kama jeshi zima linaingia bila kuulizwa, mimi na cheti changu cha ndoa ni nani?

Vaduz, mji mkuu, barabara yake ya katikati unaimaliza pipi haijayeyuka mdomoni. Mlimani juu yake kuna kasri la mfalme wao mdogo, wanamwita mwana-mfalme, na ndimo anamoishi. Mpwa akasema tupande kwa miguu, dakika ishirini tu. Dakika ishirini za nani? Mimi nimetoka kwenye nchi ya Kilimanjaro, ni kweli, lakini Kilimanjaro naiangalia kwenye chupa ya maji.

Nusu ya njia miguu ikagoma. Nimeinama, mikono magotini, ulimi nje. Akatokea bibi mmoja, nywele nyeupe, fimbo mbili mkononi, anapanda kama anakimbizwa na deni. Alipofika usawa wangu akatabasamu, akasema: "Hoi!"

Nikamjibu, "Kweli mama, hoi bin taabani."

Akapita. Nikamwambia mpwa, huyu bibi kajifunzia wapi Kiswahili? Kijana akakaa chini kwenye nyasi kwa kicheko. Kumbe "hoi" ndiyo salamu yao. Nikavumilia. Walipita wengine sita, na kila mmoja ananitangazia hali yangu.

Tukafika juu. Lango limefungwa. Kasri haliingiwi, mwenyewe anaishi mle na familia yake. Nikapiga picha ukuta.

Chakula ndiyo usiseme. Waliniletea vidonge vya unga vilivyopikwa na jibini, juu vitunguu vya kukaanga, pembeni rojo la tofaa. Tofaa na vitunguu! Vikashuka vizuri tu, nakiri, mpaka nilipobadilisha bei kuwa shilingi. Uma ulianguka wenyewe.

Hapo ndipo nikasema siwezi kuondoka hapa mikono mitupu. Kwenye ofisi ya kupokelea wageni wanakugongea muhuri wa kumbukumbu kwenye pasipoti, unalipia. Nikalipa. Dada akagonga mara moja, taratibu, hakuniambia nirudi kesho.

Nimetua nyumbani, afisa anafungua kurasa, anasimama palepale. "Mzee, hii ndiyo nchi gani?"

Nikaitaja. Akanitazama.

"Hebu iandike hapa."

Akanisogezea karatasi na kalamu. Nyuma yangu foleni inaguna. Nikaandika L. Nikaandika i. Nikafuta, nikaanza upya. Nikaangalia juu, nikaangalia chini.

Nikaandika: Uswisi.