Usaili kwa simu na kilio cha mwombaji aliyepigiwa bila taarifa

Mwombaji kazi anayeishi Mwanza akiitwa kwenye usaili Dar es Salaam, husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000, hutafuta pa kulala, kisha hurudi nyumbani kusubiri majibu ambayo mara nyingi hayaji. Kwa kijana aliyemaliza chuo na bado anawategemea wazazi, safari ya kwanza humaliza akiba ya nyumbani na ya pili huwa ya mkopo. Kwa sababu hiyo, mwajiri anayefanya mchujo wa awali kwa simu, akawaita ana kwa ana wale wachache waliovuka, ametenda jambo la kiungwana, na sikubaliani na wanaouita utaratibu huo uvivu.

Kinachonisumbua ni simu inayopigwa bila taarifa. Niliwahi kupigiwa nikiwa ndani ya daladala pale Ubungo, jioni watu wanaporudi makwao. Msaili alijitambulisha upesi, akaanza kuniuliza nilivyosimamia fedha za mradi, huku konda akigonga bati na abiria wawili wakibishania chenji. Nilirudia jibu moja mara tatu kwa sauti ya juu, nikateremka kituo kisicho changu ili nisikie vizuri, na nilipoiweka simu sikioni tena ilikuwa imekwisha kukatwa. Sikupigiwa tena.

Wapo maofisa wanaoitetea simu ya ghafla kwa hoja kwamba humwonyesha mtu alivyo, kabla hajapata nafasi ya kukariri majibu. Kwa nafasi ya kituo cha huduma kwa wateja hoja hiyo ina uzito, maana huko kazi yenyewe ni kupokea simu ya mtu usiyemjua na kumjibu kwa utulivu. Kwa mhasibu au fundi wa maabara sioni inapima nini zaidi ya bahati ya mahali alipokuwa simu ilipoita. Tena chombo chenyewe kina upungufu wake: simu ya kawaida kwa miongo mingi imepitisha masafa ya sauti ya takribani hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400 tu, ilhali sehemu kubwa ya mlio wa “s” na “f” iko juu ya hapo, hata “sumbua” na “fumbua” zikakaribia kusikika sawa. Isitoshe, mtu anayenyamaza kidogo ili afikiri, ambaye ofisini angeonekana makini, kwenye simu hudhaniwa hajui au mtandao umekata.

Ni kweli pia kwamba simu humsitiri mwombaji. Hakuna anayeyatazama mavazi yake, na anaweza kuweka mbele yake wasifu wake pamoja na daftari lenye orodha ya nafasi alizoomba, jambo la lazima kwa mtu aliyetuma barua ishirini kwa mwezi mmoja. Faida hizo zote, hata hivyo, humfikia aliyejua kwamba atapigiwa.

Ndiyo maana namsihi mwombaji asiogope kusema, “Samahani, niko barabarani, naomba tuzungumze baada ya nusu saa.” Wengi huogopa kuonekana hawana shida na kazi, na hofu hiyo naielewa, lakini majibu ya kubahatisha katikati ya kelele huharibu zaidi kuliko ombi la heshima. Mzigo mkubwa, hata hivyo, ni wa mwajiri, hasa wakati huu ambapo matapeli hujifanya maofisa ajira na kudai “ada ya usaili”, kiasi kwamba namba ngeni humtia mtu wasiwasi kabla hajaipokea. Ujumbe mfupi uliotumwa siku moja kabla, ukitaja jina la taasisi, nafasi iliyoombwa, saa ya kupiga na namba itakayotumika, ungemwezesha mwombaji kuithibitisha taasisi hiyo, kuchaji simu yake na kutafuta chumba chenye utulivu.