Mama Mkwe Alivyomtajirisha Muuza Sambaza

Kompyuta ilitoka Ubelgiji ndani ya sanduku la shemeji yangu, imeviringishwa blanketi mbili na jaketi la mtoto. Ni zile ambazo mashine yote imo nyuma ya kioo, na kioo chenyewe unakigusa kwa kidole. Mimi ndiye ninayeandika hesabu za kikundi chetu cha akiba hapa Goma, likelemba ya akina mama wauza makaa, vitenge, mawese na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na daftari letu lilikuwa limefika hatua ya kunuka bidhaa zote hizo kwa pamoja. Shemeji akanihurumia. "Sasa utakaa vizuri," akasema, "ni kugusa tu." Kisha akapanda ndege, akaniachia kazi ya kutafuta pa kukaa vizuri.

Fundi wangu ana kibanda karibu na soko la Virunga. Si mtu wa kuchonga kitu chepesi. Nilimwambia nataka meza ya kompyuta. Akachonga meza ya libuyu, mbao ngumu na nzito, ambayo ingebeba injini ya lori, urefu sentimita 75. "Urefu wa ofisi huu," akasema huku akiipiga kofi. Pikipiki zote zikakataa kuibeba. Ikaja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na tulipofika kwenye mzunguko ule wenye sanamu ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu, msukumaji akasimama akaomba nyongeza hapo hapo. "Mama, unaona vile mji unatuheshimu?" Nikaongeza. Ningefanyaje?

Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, yale yaliyoteremka kutoka Nyiragongo mwezi wa kwanza mwaka 2002 yakapita katikati ya mji. Sakafu nayo ni mbao. Meza ilikuwa imara. Sakafu ndiyo iliyokuwa na maoni yake. Nikigusa kioo, meza inaipa sakafu habari, sakafu inapeleka kwa kabati, na vikombe vyote vinaitikia. Nikiandika jina refu, kwa mfano la mweka hazina wetu, ni kwaya nzima.

Lakini vikombe si neno. Neno ni bega. Kioo kilisimama wima mbele yangu, ukingo wake wa juu usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Ndivyo mpwa wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, alivyokuta kwenye intaneti kwamba kioo kikae. Sawa kabisa, kama kazi yako ni kutazama. Yangu ni kugusa. Nilipofika katikati ya orodha ya wanachama mkono ulikuwa umekufa. Nikaubeba kwa mkono wa pili, nikaendelea.

Mpwa akarudi kwenye intaneti, akaja na habari kwamba ugonjwa wangu ni wa zamani. Kampuni ya HP ilitoa kompyuta ya kuguswa mwaka 1983, na uchovu wa kunyoosha mkono mbele ya vioo vya namna hiyo mafundi waliupa jina: mkono wa gorila. Hata Steve Jobs, mkubwa wa kampuni ya Apple, mwaka 2010, alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba kioo kilichosimama wima hakifai kuguswa, mkono unachoka. Nikauliza mbona shemeji hakuambiwa. Mpwa hakusikia, alikuwa bado kwenye ile ya 1983: ilikuwa na vitundu kuzunguka kioo, na vumbi likivijaza haisikii kidole tena mpaka livutwe lote. Nikashukuru kwamba hiyo haikufika Goma.

Kwa bahati mbaya mama mkwe alikuwa sebuleni. Alikuwa amefika na meli kutoka Bukavu kutusalimia, na katika maneno yote hayo alishika moja: gorila. Gorila wa Kahuzi-Biega, ile mbuga iliyo karibu na Bukavu, ni majirani zake kwa namna fulani, na hana imani nao. Akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza watoto. Kabla sijajibu alikwisha pasha mawese, akanichua bega mpaka machozi yakanitoka, na kila nilipolia alisema, "Inatoka, inatoka."

Ikabidi fundi aitwe tena. Nikamweleza: macho yanataka kioo kiwe juu na mbali, mkono unakitaka chini na karibu. Akaizunguka meza, akafikiri, akauliza, "Kati ya macho na mkono, nani analipa?"

Nikasema mkono.

Akatoboa meza. Alikata shimo la mstatili katikati ya libuyu yake mwenyewe, uso umemkunjamana kwa uchungu, akakizamisha kioo humo kikiwa kimelala chali, upande wa nyuma umeinuka kidogo, ukingo wa mbele sawasawa na ubao. Chini akaacha nafasi ya hewa, na mbele akaniachia pa kuegemeza viwiko. Nikakaa. Viwiko vikatulia, bega likanyamaza, na vikombe navyo vikanyamaza, maana sasa nilikuwa nabonyeza kwenda chini badala ya kusukuma mbele. Shingo iliinama, lakini shingo iliyokulia kwenye kuchambua maharagi haitishwi na jambo hilo. Kibodi ilikosa pa kukaa, nikaipandisha juu ya kabati, nikawa naandika kwa herufi zinazojitokeza kwenye kioo chenyewe. Nasema kweli, ilikuwa raha. Shemeji alikuwa na haki.

Ila sasa ilikuwa imegeuka meza. Na kitu kilicholala, kinachong'aa, kilicho usawa wa tumbo, katika nyumba ya Goma, kinapanguswa. Barabara yetu haina lami. Kila pikipiki inayopita inatugawia vumbi jeusi. Mama mkwe, ambaye tangu ashuke melini alikuwa anatulinganisha na Bukavu na kutuhurumia, alijipa jukumu la vumbi hilo asubuhi, mchana na jioni, kwa kitambaa kilicholowa vizuri.

Nani atamwambia mama mkwe asipanguse? Nilijaribu kwa mbali. "Mama, kioo hiki kinaogopa maji." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Furaha, kitu chochote chenye uchafu kinaogopa maji." Mume wangu alikuwepo. Alitoka nje kuangalia kama mvua itanyesha.

Basi Jumamosi moja nilikuwa naandika taarifa ya wiki kwenye kundi letu la WhatsApp, jina la kila mama na akiba yake. Nilifika kwa mama wa sambaza, nikaandika: dola 40. Hapo nikasikia harufu. Maharagi yalikuwa yanaungua kwenye mbabula. Nikakimbia jikoni na kuacha kioo wazi.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu yalishuhudiwa na kikundi kizima. Mpwa alinieleza baadaye kwamba kioo cha aina hii hakipimi nguvu ya kidole. Kinasikia kitu chenye maji, kwa sababu maji yaliyo ndani yetu yanapitisha umeme. Kitambaa kilicholowa kikipita juu yake, kinahesabu vidole, tena vingi. Mama mkwe alianza na safu ya tarakimu, kulia kisha kushoto. Pale palipokuwa na dola 40 pakawa na dola 4066696. Akashuka chini, akasugua pembeni, taarifa ikaondoka. Hakuridhika. Akapanda kwenye kona ya juu, ambako bila shaka kulikuwa na doa, na hiyo kona ndiyo yenye alama ya simu ya video.

Simu ikalia kwa akina mama wote kwa wakati mmoja, sokoni, nyumbani, mmoja akiwa kwenye kiti cha msusi. Wakapokea. Wakaona kidevu cha mama mkwe kutoka chini, kikubwa, kikiimba wimbo wa kanisani, na kitambaa kikienda na kurudi juu ya nyuso zao.

Naye akawaona. Chini ya kitambaa chake, ndani ya meza, mlikuwa na wanawake wanaomtazama.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama mkwe alifunzwa adabu. Akarudi hatua moja, akaficha kitambaa nyuma ya mgongo, akainama. "Munisamehe, bamama," akasema. "Sikujua muko humu. Nilikuwa napanguza tu."

"Hakuna shida, mama," akajibu muuza makaa. "Pangusa tu."

Nilipofika, mwiko mkononi, walikuwa tayari wanaulizana habari za Bukavu. Mama mkwe alikuwa anamweleza rais wa kikundi bei ya ndizi za Kadutu na, nilipomsikiliza vizuri, hali ya bega langu. Nikafanya haraka kukata simu. Ndipo nikaiona taarifa.

Nikaifuta, lakini kuna watu ambao simu zao hazisahau. Mama wa sambaza alikuwa ameipiga picha. Jioni alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cha sikukuu, na mkoba mkubwa ambao sijawahi kumwona nao. Akakaa. Akanywa chai. Akauliza kama hizo milioni nne na ushei atapewa kwa dola au kwa franga, maana kwa franga angehitaji kuita chukudu.

Nikamweleza habari ya kitambaa, ya maji, ya vidole. Alinisikiliza kwa huruma, jinsi mtu anavyomsikiliza mdeni. Mwishowe akasema, "Mimi si mtu mbaya. Nitapokea polepole, hata dola 100 kwa wiki."

Kikundi kilikaa, kikacheka, kikaandika kwenye daftari la zamani kwamba akiba yake ni dola 40. Akatia kidole gumba. Lakini hajakata tamaa. Amehamisha kesi tu. Anasema mimi sina mamlaka, aliyeandika hesabu ile ni mama mkwe, basi anazungumza na mwandishi mwenyewe. Kila Jumamosi anapita na sahani ya sambaza mbichi "za mama", wanafunga mlango wa sebule, wanaongea. Mama mkwe hajawahi kumkatalia wala kumkubalia. Anasema jambo la pesa nyingi namna hiyo halitaki haraka. Safari ya kurudi Bukavu ameiahirisha.

Fundi ametuchongea kifuniko cha libuyu cha kuwekwa juu ya kioo nisipokuwepo. Kukiinua kunataka watu wawili, kwa hiyo kabla ya kuandika hesabu lazima nimwite mama mkwe ashike upande wa pili. Anakuja na kitambaa.