Oradour-sur-Glane: magofu yatunzwe au yaachwe yaanguke?

Huko Limousin, katikati-magharibi mwa Ufaransa, kilomita zipatazo 20 kutoka mji wa Limoges, kuna vijiji viwili vyenye jina moja vilivyopakana. Kimoja kina watu zaidi ya 2,000, shule, duka la mikate na ofisi ya meya. Kingine hakina mtu wala paa. Hicho cha pili ni mali ya serikali, na sasa zinatafutwa fedha za kukizuia kisianguke. Makadirio yaliyotangazwa ni euro milioni 19. Wapo wanaoona fedha hizo ni deni lisilo na mjadala, na wapo wanaouliza: utakarabatije kitu ambacho thamani yake yote ni kwamba kimebomoka?

Kwa asiyekijua kisa chenyewe, ni hiki. Jumamosi ya tarehe 10 Juni 1944, siku nne baada ya Marekani, Uingereza na washirika wao kutua Normandy, askari wa SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, wa divisheni ya Das Reich walikizingira kijiji cha Oradour-sur-Glane. Wakazi waliamriwa kukusanyika kwenye uwanja wa gulio kwa kisingizio cha kukagua vitambulisho. Wanaume waligawanywa wakapelekwa sehemu sita, baadhi mabanda ya mazao, nyingine gereji na ghala, wakapigwa risasi. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani, na kanisa likatiwa moto. Waliokufa walihesabiwa kuwa 642 hadi mwaka 2020, ilipothibitika kwamba mkimbizi mmoja wa Kihispania alikuwa amesahaulika katika orodha, wakawa 643. Wa pekee aliyetoka kanisani akiwa hai ni Marguerite Rouffanche. Aliruka dirisha la nyuma ya altare, akapigwa risasi, akajilaza kwenye matuta ya njegere mpaka alipopatikana kesho yake.

Jenerali Charles de Gaulle alifika pale Machi 1945, lakini serikali yake ya mpito ilikuwa imeshaamua kwamba kijiji kisijengwe upya palepale. Sheria ya Mei 1946 iliyaweka magofu chini ya ulinzi wa dola, kama yanavyolindwa makanisa makuu na makasri ya wafalme. Mwaka uliofuata ujenzi wa kijiji kipya ukaanza ubavuni.

Uamuzi ule ulikuwa mwepesi kuandika na mgumu kutekeleza. Nyumba za mashambani kule zilijengwa kwa mawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa aina hiyo unaweza kusimama karne nzima na zaidi, ilimradi una paa juu yake na lipu upande wa nje. Moto wa SS uliondoa vyote viwili. Tangu hapo mvua inaingilia juu ya ukuta, inausomba udongo wa ndani kidogo kidogo, na majira ya baridi yakifika maji yaliyonasa katikati yanaganda, yanatanuka, yanayasukuma mawe nje. Mizizi ya majani inamalizia kazi. Mafundi hung'oa majani hayo, huziba vichwa vya kuta kwa chokaa ili maji yateleze, na hupenyeza chokaa nyepesi ndani ya nyufa. Saruji ingekuwa rahisi zaidi, lakini hufungia unyevu ndani na kuharibu kile ilichokusudiwa kukiokoa. Na hii ni kazi isiyoisha. Ukimaliza mtaa wa mwisho, ule wa kwanza unakungoja.

Kisha kuna vyuma. Oradour ina cherehani zisizohesabika. Karibu kila nyumba ilikuwa nayo, na baada ya moto ndizo zilizobaki zikitambulika, pamoja na baiskeli, majiko na fremu za vitanda. Kengele ya kanisa iliyeyuka ikaanguka sakafuni, na hadi leo iko palepale kama bonge la shaba lisilo na umbo. Reli za tramu iliyokuwa ikienda Limoges bado zinapita katikati ya barabara kuu. Vitu hivi vimenyeshewa kwa miaka 80, na kutu haijui sheria ya 1946.

Wanaotaka vyote vitunzwe wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba mashahidi wameisha. Robert Hébras, mmoja wa wachache waliotoka hai katika banda moja baada ya kulala chini ya maiti za wenzao, alifariki Februari 2023 akiwa na umri wa miaka 97. Kwa miongo mingi alikuwa akiwatembeza watoto wa shule akiwaonyesha kwa kidole: hapa alikuwa mama, hapa dada zangu. Sasa hakuna aliyebaki wa kunyoosha kidole hicho. Miaka miwili na nusu kabla ya kifo chake, Agosti 2020, mtu alipaka rangi ukuta wa kituo cha kumbukumbu kilichopo mlangoni mwa magofu, akalifuta neno linalokitaja kijiji kuwa mhanga na kuandika badala yake kwamba ni kijiji kiongo. Wanaoyakana mauaji hayo wapo, wanaandika, na wana wasomaji. Mtetezi wa magofu atakwambia kitabu kinaweza kubishiwa, ila si ukuta wenye matundu ya risasi.

Hoja ya pili ni ya familia. Katika nyumba nyingi kuna kibao kidogo kinachotaja mwenyewe na kazi yake: kinyozi, mhunzi, mwokaji mikate, fundi viatu. Majivu ya wengi hayakutambulika, wakazikwa pamoja. Kwa wajukuu wao, kizingiti cha nyumba ndicho kitu pekee wanachoweza kukisimamia na kusema babu aliishi hapa. Ukiuacha ukuta huo uanguke, umewafukia mara ya pili.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Ufaransa yenyewe ina mfano wa njia nyingine. Karibu na Verdun kulikuwa na kijiji kinachoitwa Fleury-devant-Douaumont, kilichotekwa na kutekwa tena mara 16 mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi lisibaki jiwe juu ya jiwe. Hakikujengwa tena, na wala hakuna magofu yanayotunzwa. Msitu ulioota pale ulipandwa makusudi, ardhi imejaa mashimo ya mizinga yaliyofunikwa na majani, na njia za zamani zimewekewa alama za mahali yalipokuwa mashamba, maduka na karakana. Wakazi ni sifuri, lakini kisheria kijiji bado kipo na kina meya anayeteuliwa na mkuu wa wilaya. Anayepita pale haelezwi alie wapi. Na wengi hulia. Nako Lidice, katika nchi ya Wacheki, Manazi walikofanya unyama wao tarehe hiyohiyo ya 10 Juni, miaka miwili kabla, walikisawazisha kijiji chote. Leo ni uwanda wa nyasi na bustani ya waridi. Hakuna anayesema Lidice imesahauliwa kwa kukosa kuta.

Wakosoaji wanaongeza jambo linalokera zaidi: magofu yanayoonekana leo si yale ya Juni 1944. Masizi yameoshwa na mvua. Vifusi viliondolewa zamani, nyasi hukatwa, kuta zilizoegemea zimenyooshwa na kutiwa nguzo. Kinachotembelewa na watu wapatao 300,000 kwa mwaka ni gofu lililopangwa vizuri, na kila ukarabati unalipanga zaidi. Ushahidi wao maarufu ni gari lililooza kwenye uwanja wa gulio. Vizazi vya wageni vimeambiwa ni gari la daktari wa kijiji, aliyerudi kutoka kumwona mgonjwa akaingia moja kwa moja mikononi mwa wauaji. Daktari alikuwepo, na kweli alirudi akakamatwa. Lakini mwanahistoria Sarah Farmer ameonyesha kwamba gari lake liliondolewa na jamaa zake baadaye, na lile linalopigwa picha kila siku lilikuwa la mfanyabiashara wa mvinyo. Sasa fikiria fundi analipwa kuzuia kutu ya gari hilo kwa jina la ukweli wa historia. Mkosoaji hahitaji kusema zaidi.

Binafsi hoja ya gari hainitoshi kuyaacha magofu yafe. Inathibitisha kwamba maelezo yalikosewa, na maelezo hurekebishwa kwa kibao. Kinachonisumbua zaidi ni kitu ambacho pande zote mbili hukigusa kwa haraka: magofu haya yanasimulia siku moja tu, na urithi wa Oradour ni mpana kuliko siku hiyo.

Kabla yake palikuwa na kijiji cha kawaida cha wakulima na wafanyabiashara wadogo. Watu wa Limoges walipanda tramu wakaja kuvua samaki mto Glane na kula kwenye vihoteli vyake. Vita vilipoanza kilipokea wakimbizi wa Kihispania, Wayahudi, na watu waliofukuzwa Lorraine baada ya Ujerumani kulinyakua eneo hilo. Kijiji cha Charly kule Lorraine kilipoteza watu wengi hapa hata kikajiongezea jina, kikaitwa Charly-Oradour. Waliokufa kama wanakijiji, wengine walikuwa wageni waliokaribishwa. Hili huwezi kulisoma kwenye jiwe lililoungua.

Na baada yake palikuwa na mwaka 1953. Mahakama ya kijeshi mjini Bordeaux iliwashtaki watu 21 waliokuwa katika kikosi kile. Wajerumani walikuwa 7 tu. Wengine 14 walikuwa watu wa Alsace, yaani Wafaransa. Mmoja alijitolea, 13 waliandikishwa kwa nguvu baada ya Ujerumani kulitwaa jimbo lao. Alsace ilikuja juu, ikasema watoto wake walikuwa wahanga pia. Limousin ikasema aliyefyatua risasi alifyatua risasi. Hukumu ilitolewa katikati ya Februari, na kabla wiki haijaisha Bunge likapitisha sheria ya msamaha kwa walioandikishwa kwa nguvu, kwa kura 319 dhidi ya 211. Wakarudi makwao.

Kwa kweli sioni jibu rahisi hapo. Kijana wa miaka 18 aliyevalishwa sare kwa lazima, familia yake ikiwa chini ya tishio la kuhamishwa, hayuko sawa na ofisa aliyetoa amri. Lakini mtu aliyepoteza wazazi, mke na watoto wake wote katika alasiri moja angeambiwa nini? Serikali ilichagua umoja wa taifa, na bei ya umoja huo ikalipwa na kijiji kimoja. Familia zilirudisha nishani, zikawakataa wawakilishi wa serikali kwenye ibada za kumbukumbu, na zikakataa kuyahamishia majivu ya ndugu zao kwenye kaburi la heshima lililojengwa na dola. Jengo hilo lilibaki tupu kwa takriban miaka 20. Kwenye lango la magofu wakabandika majina ya wabunge waliopiga kura ya msamaha, akiwemo François Mitterrand aliyekuja kuwa rais, na orodha ikakaa pale zaidi ya miaka 10. Katika kijiji kipya, wakati huohuo, vijana walikua bila ngoma wala sherehe, kwa sababu msiba ulikuwa haujaanuliwa. Waliozaliwa baada ya 1944 walilelewa ndani ya tanga la watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Wasomaji wetu walioko Rwanda wanaijua mada hii kwa karibu zaidi. Kumbukumbu za mauaji ya kimbari za Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023, na kule Murambi ilihifadhiwa miili yenyewe, ikapakwa chokaa ili isioze. Swali la nini kihifadhiwe na nini kizikwe lilikuwa zito zaidi kule, maana walionusurika wangali hai na wanayo ya kusema. Oradour inaamua bila wenyewe.

Ningekuwa na kauli, euro milioni 19 zisingesambazwa sawasawa kwenye hekta 15. Kanisa kwanza, kisha sehemu sita walikouawa wanaume, kisha barabara kuu yenye reli. Huko kazi ifanywe kikamilifu. Nyumba za pembeni zipigwe picha na kupimwa jiwe kwa jiwe, kuta zake zishushwe hadi kimo kisichohatarisha mpita njia, na vibao vya majina vibaki. Najua pingamizi: nani atachagua kibanda cha babu wa nani kishushwe? Ni pingamizi la haki, na jibu langu ni kwamba lisijibiwe na wizara huko Paris. Wapewe wajukuu ramani wapange wenyewe foleni ya matengenezo, hata wakiamua kinyume cha ninavyopendekeza. Serikali ilishaamua kwa niaba yao mara moja, mwaka 1953, na tumeona ilivyokwenda.

Sehemu ndogo ya fungu hilo iende kwenye maelezo badala ya mawe. Gari la mfanyabiashara wa mvinyo lipate kibao chenye jina sahihi. Wakimbizi wa Kihispania, Wayahudi na watu wa Lorraine watajwe pale walipopanga vyumba. Na ile orodha ya wabunge 319 irudishwe langoni, safari hii ikiwa na orodha ya wale 211 pembeni yake na maelezo ya nini Alsace ilikuwa ikidai, ili mgeni aingie akijua kwamba kijiji hiki kilikuwa na ugomvi na taifa lake pia.