Nilikwenda Kumuuguza Mjomba, Nikauziwa Tanzanaiti

Kwanza ieleweke: ile picha yangu ya Taj Mahal mliyoiona kwenye grupu la ukoo sikuituma mimi. Aliituma Mjomba. Mtu mwenye goti jipya, simu yenye chaji na siku nzima ya kulala chali hafai kuachwa peke yake.

Dakika haikupita, Shangazi, ambaye ndiye mweka hazina wa mchango wa matibabu ya Mjomba huku India, akaandika: "Tunamshukuru Mungu matibabu yanaendelea. Naona hospitali za siku hizi zina kuba." Akamalizia na ile mikono miwili ya dua. Wakafuata wengine kumi na mmoja, kila mmoja na kicheko chake, na katika hao kumi na mmoja saba hawajatoa hata mia tangu kikao cha kwanza. Majina ninayo. Tuyaache.

Sasa nijitetee. Mimi ni msindikizaji wa mgonjwa, na viza yangu inasema hivyo hivyo. Kazi yenyewe mnaijua: kubeba bahasha ya picha za eksirei, kukaa benchi, kumwitikia daktari "sawa sawa" kwa jambo ambalo hujalielewa, na usiku kuzidisha rupia kwa thelathini mpaka usingizi ukuchukue. Wiki tatu nimekaa Delhi, na mnara niliokuwa naujua ni lifti ya hospitali.

Ndipo Mjomba akaniita. Yeye huniita mjomba na mimi humwita mjomba, wauguzi walishakata tamaa kujua nani ni nani. Akasema, "Mjomba, utarudi Lushoto watu wakuulize Taj Mahal ikoje, uwasimulie lifti?" Akatoa pesa mfukoni mwake. Narudia kwa faida ya Shangazi: mfukoni mwake, kwenye kiinua mgongo chake. Akampigia mtu anayejuana na mlinzi wa hosteli yetu, wakapatana ziara binafsi ya siku moja. Ijumaa hapana, kwa sababu Taj Mahal Ijumaa inafungwa kwa watalii. Basi Jumamosi: Taj Mahal, Ngome ya Agra, kaburi jingine ambalo jina lake silishiki vizuri, chakula, kurudi.

Mimi niliposikia "binafsi" nikadhani ni heshima. Kumbe maana yake ni kwamba utaonewa peke yako, bila mwenzako wa kutazamana naye.

Saa tisa usiku dereva alikuwa mlangoni. Malori ya kule yameandikwa nyuma maneno ya kukuomba upige honi, na dereva wetu alikuwa mtu mtiifu. Kutoka Delhi kwenda Agra kuna barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2012, kilomita 165, imenyooka kama rula. Hapo ndipo penye balaa. Ukungu wa Januari ukishalala juu yake, dereva haogopi kona kwa sababu hakuna kona, basi anaendesha kwa imani. Mimi nilikuwa nyuma nimejifunika sweta la Mjomba, nasoma kila dua niliyofundishwa tangu madrasa, nyingine nazirudia kwa kuwa sikumbuki nimefika wapi.

Agra tukapokelewa na mwongoza watalii. Vijana wa Arusha huliita neno hilo kwa Kiingereza cha haraka haraka, linatoka "gaidi", na mimi miaka yote nilikuwa nawasahihisha. Nawaomba radhi. Huyu alikuwa na mwavuli, saa kubwa, na neno moja: "Chalo!" Maana yake twende. Kihindi changu nimekitoa kwenye sinema za utotoni, kwa hiyo najua maneno ya mapenzi na ya kulipiza kisasi. Chalo nalifahamu. Choo nilikuwa sijui kukiulizia.

Dirishani pa tiketi: Mhindi rupia 50, mgeni 1,100. Ukitaka kuingia hadi kaburini ongeza 200. Kuna na bei ya katikati, 540, ya majirani zao wa Asia Kusini. Nikasema subirini kidogo. Mimi nimezoea kusimama upande ule mwingine! Kwetu mzungu analipa bei ya mgeni langoni Ngorongoro, mimi napita na kitambulisho changu na vijisenti, namtazama kwa huruma kidogo. Leo mzungu ni mimi. Nikamwambia gaidi amwambie yule karani kwamba sisi ni majirani. Kati yetu kuna maji tu, na hayo maji yenyewe yanaitwa Bahari ya Hindi, jina lenu tumelibeba pwani nzima bila kuwatoza. Gari ni neno lenu, laki ni neno lenu, hata pesa ninayokupa naiita kwa neno lenu. Babu zangu walimlipa Mjerumani kodi kwa rupia! Karani akanisikiliza vizuri sana, akasema, "1,300, bwana."

Ukaguzi wakanipekua kama nina almasi, wakanikuta na maandazi ya mke wa Mjomba. Chakula hakiingii. Askari akayanusa, akamwita mwenzake naye akanusa, yakawekwa pembeni kwa heshima. Niliporudi hayakuwepo.

Halafu tukapita lango kubwa la mawe mekundu. Gaidi akasimama, akanishika bega, akanyoosha mwavuli mbele na kunong'ona, "Hilo hapo."

Palikuwa na ukungu.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Lushoto. Ukungu nimekwenda nao shule miaka saba, nimechungia mbuzi ndani yake, nimempoteza mbuzi ndani yake. Sikuhitaji kupanda ndege kuja kuulipia karibu elfu arobaini. Gaidi hakujali. Akaanza kunionyesha: kuba lile pale, mita 73 kutoka chini mpaka nchani, minara minne ile pale, imeinamishwa kidogo nje ili siku ikianguka isiliangukie kaburi, marumaru yote imetoka Makrana, Rajasthani. Nikawa naitikia, macho kwenye weupe mtupu. Kama kwa daktari tu.

Ndani nilikaa dakika nne, nazo ni za filimbi. Unasukumwa, walinzi wanapuliza, hakuna kupiga picha, tembea. Kaburi la malkia Mumtaz Mahal liko katikati kabisa, la mumewe, mfalme Shah Jahan, limebanwa pembeni, kitu kimoja tu kisicholingana katika jengo zima, kama mtu aliyepanda daladala kituo cha mwisho. Mama wa watu alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, ndipo mume akaanza kujenga, mafundi na vibarua wapata elfu ishirini, zaidi ya miaka ishirini. Mke wangu alipoiona ile picha aliniuliza swali moja tu, kuhusu banda la kuku.

Kwenye grupu mmeniona nacheka, nimeshika ncha ya kuba kwa vidole viwili. Ukungu ulifunguka dakika tano hivi wakati tunatoka. Hapo nakiri, nilinyamaza. Ni kitu. Inakaa pale kama haijaguswa na mkono wa mtu, na nilitaka nisimame tu niitazame. Tiketi inaruhusu saa tatu nzima. Gaidi akasema: vidole juu, kushoto kidogo, cheka, CHEKA BWANA, chalo! Tulikuwa tumetumia dakika arobaini na tano, na mbili kati ya hizo nilizitumia kupigwa picha na familia moja iliyonipakata mtoto wao bila kuniuliza. Mtoto alilia. Nilimwelewa.

Haraka yote ile ilikuwa ya kwenda wapi? Dukani.

"Siyo duka," gaidi akasema, "ni karakana ya wajukuu wa mafundi wa Taj Mahal." Mlangoni mzee mmoja kachuchumaa, anasaga kijiwe kwenye gurudumu analizungusha kwa mkono. Nikamtazama kwa huruma. Nilipochungulia tena baada ya kuingia, mzee kaliacha gurudumu anachezea simu.

Ndani wakaniketisha kwenye sofa. Chai ya maziwa na iliki. Biskuti. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya imamu, akazima taa. Moyo ukanilipuka. Akawasha tochi, akaiweka juu ya meza ya marumaru iliyopachikwa maua ya akiki, na kweli jamani, yale maua yakawaka kama makaa. Nikasema "aah!" Lile "aah" lilinigharimu. Taa zikawashwa, na meza ile ikawa na bei: dola 1,400, na wanaweza kuituma mpaka mlangoni kwangu. Mlango gani? Wa Lushoto, au wa hosteli niliyopanga chumba kimoja na mtu mwenye goti?

Nikasema nzuri sana lakini mimi ni msindikizaji wa mgonjwa. Akashuka kwenye kimeza cha dola 600. Nikasema mgonjwa. Sinia, dola 180. Mgonjwa! Sahani. Kisanduku. Kila nikikataa kitu kinapungua ukubwa, nikaona tukiendelea hivi nitauziwa punje. Akachukua ufunguo, akanifundisha: marumaru ya kweli ukiikwaruza haitoi kitu, lile jiwe laini la kudanganyia watalii linatoa unga. Akakwaruza. Hakuna unga. Nikamshukuru kwa elimu, nikainuka. Mlango ulikuwa umefunikwa na gaidi, ambaye haraka zake zote zilikuwa zimemwisha. Anakunywa chai ya pili, hata saa haangalii.

"Nchi gani, bwana?" mwenye duka akauliza.

"Tanzania."

Nilivyolitamka tu, nikaona macho yake yanabadilika. Akapiga makofi. Kijana akatokea nyuma ya pazia na sinia lenye kitambaa cheusi, akapiga magoti mbele yangu, akaanza hotuba aliyoikariri.

"Bwana, hili ni jiwe adimu kuliko almasi."

Lilikuwa la buluu inayoingia zambarau. Nikahisi kitu tumboni.

"Linapatikana sehemu moja tu duniani."

"Najua."

"Chini ya mlima Kilimanjaro."

"Kijana, najua."

"Kuna nchi moja Afrika inaitwa..."

"NDIKO NILIKOTOKA!"

Akanyamaza. Akamtazama bosi wake. Bosi akatabasamu kwa upole wa mfiwa, akasema, "Vizuri. Basi litakukumbusha nyumbani."

Hapo sikuwa nafanya mzaha tena. Nina miaka arobaini na sita. Jiwe lile liligunduliwa mwaka 1967, kabla sijazaliwa, limepewa jina la nchi yangu, na kwa macho yangu nililiona mara ya kwanza Agra, kwenye sinia, kwa tochi ya Mhindi. Mererani, linakochimbwa, tumejenga ukuta wa kilomita 24 mwaka 2018, na bado limefika huku kabla yangu. Nikauliza limesuguliwa wapi. Jaipur, akasema kwa fahari, mafundi wa Jaipur ndio mabingwa. Haya. Jiwe letu linakuja India kusuguliwa, goti la Mjomba nalo linakuja India kusuguliwa, na mimi msindikizaji nauziwa moja huku nalipia jingine. Nilitaka kulia, lakini chai yao nilikuwa nimeshaimaliza.

Nilitoka pale na tembo wa marumaru wa ukubwa wa kidole gumba. Bei ya kwanza rupia 2,500, tukamalizana kwa 600. Ilikuwa fidia ya kujikomboa. Nilikaa mle saa moja na dakika ishirini, nilihesabu.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Ngome ya Agra: Shah Jahan alifungiwa humo na mwanawe Aurangzeb tangu 1658 mpaka alipokufa 1666, miaka minane akiitazama Taj Mahal kwa mbali ng'ambo ya mto, mimi nilipewa dakika kumi na mbili. Chakula cha mchana kilikuwa na pilipili iliyonifanya nimkumbuke marehemu baba. Duka la mazulia niliwaambia sina sakafu. Lile kaburi jingine tulilipita, gaidi akalionyesha kwa kidevu: "Limeonekana? Chalo." Bakshishi ya gaidi, bakshishi ya dereva, bakshishi ya mtu aliyenifungulia mlango wa gari uliokuwa wazi.

Saa nne usiku nimefika hosteli. Mjomba macho makavu. "Umeona?" Nimeona. Nikamweka tembo mezani, nikamchukulia ufunguo, nikamkwaruza mguu.

Unga.

Mjomba akacheka mpaka muuguzi wa zamu akapigiwa simu kuuliza kama nyuzi zinaruhusu kucheka. Kisha akasema ana njaa. Na unga ndio tatizo letu kubwa hapa, kuliko hata Shangazi. Sembe hakuna mtaa mzima. Kuna unga wa mahindi wa njano wa wenyewe wa kukandia chapati, ukiusonga unakaa kama udongo wa kufinyangia, na Mjomba anasema unamkumbusha ule wa njano wa foleni za duka la kaya. Mnaijeria wa chumba cha pili alinishauri semolina. Semolina inakubali, ila usiongeze maji ya baridi katikati, utapata uji wenye kokoto, na usigeuze mwiko mpaka... Basi, niishie hapo. Kuna mama wa Kiiraki amesimama nyuma yangu anasubiri jiko, na sufuria niliyoishika ni yake.