Soriasisi Kali: Kuanza na Dawa ya Zamani au Kuwahi Dawa Mpya?

Jaribio la kitabibu la CHAMPION, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, liliwalinganisha wagonjwa wa soriasisi (ugonjwa sugu wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba) ya wastani hadi kali waliopewa sindano za adalimumabu, dawa mpya, na wenzao waliopewa vidonge vya methotreksati, dawa ya zamani. Baada ya wiki 16, karibu asilimia 80 ya waliochomwa sindano walikuwa wamepata nafuu ya robo tatu au zaidi, huku waliofikia kiwango hicho kwa vidonge wakiwa takriban asilimia 36. Ukiishia kwenye hesabu hiyo, utadhani mjadala wa dawa ipi itangulie umekwisha. Hata hivyo, madaktari bingwa wengi wa ngozi, na si wa Afrika Mashariki peke yao, bado huanza na methotreksati. Nchini Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi inayoshauri ni tiba zipi zigharamiwe na serikali, unataka mgonjwa awe ameshindwa kunufaika na tiba za kawaida, au awe hawezi kuzitumia, kabla serikali haijamgharamia adalimumabu. Ni haki kuuliza kama huko ni busara au ni ubahili.

Ipo kazi moja ambayo mjadala huu huiruka, nayo ni kuthibitisha kwamba ugonjwa wenyewe ni soriasisi. Wagonjwa wengi humfikia bingwa wakiwa wamekwisha kupaka kwa miezi krimu za dukani zenye mchanganyiko wa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) na dawa ya fangasi, kiasi kwamba sura ya ugonjwa imepotea na fangasi inaweza kufanana na soriasisi, au kinyume chake. Mabaka yanayolipuka ghafla na kuenea mwili mzima humfanya daktari makini apime VVU kwanza, kwa sababu ARV peke yake huweza kuituliza ngozi. Kuhusu vidonge na sindano za steroidi ambazo baadhi ya zahanati huzitoa kwa mkono mwepesi, sioni pande mbili za kupima: nafuu huja haraka, lakini dawa ikikatishwa ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu zaidi, pengine na vipele vya usaha mwili mzima vinavyohatarisha maisha.

Wanaotetea methotreksati wana hoja nzito kuliko bei yake tu. Dawa hii iliidhinishwa Marekani kutibu soriasisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo madhara yake yanafahamika na mengi huonekana mapema daktari akifuatilia vipimo vya damu na vya ini. Isitoshe, wakosoaji wa CHAMPION husema dozi ya vidonge ilipandishwa taratibu mno. Katika jaribio la METOP la mwaka 2017, ambalo methotreksati ilitolewa kwa sindano ya chini ya ngozi, asilimia 41 ya wagonjwa walipata nafuu ile ile ya robo tatu katika wiki 16. Si matokeo ya kushangilia, lakini ni watu wanne kati ya kumi ambao pengine wasingehitaji dawa ya gharama kubwa. Hatari kubwa ya methotreksati ni ya kawaida kabisa: dawa hunywewa mara moja kwa wiki, na mgonjwa akiinywa kila siku, kama alivyozoea kunywa vidonge vingine, uboho wake huathirika na anaweza kufa. Ndiyo maana siku yenyewe, tuseme Jumatatu, huandikwa juu ya pakiti. Mwanamke anayetarajia kushika mimba haanzishiwi dawa hii hata kidogo, na kwake utaratibu wa kuanza na dawa ya zamani unavunjika tangu mwanzo.

Upande wa pili, unaotaka dawa mpya itolewe mapema, unasema kwamba kusubiri nako kuna gharama, ila hailipwi na bima. Kadiri ya mgonjwa mmoja kati ya watano wa soriasisi hupata pia ugonjwa wa viungo, na kiungo kilichokwisha kulika hakirudi kwa dawa yoyote. Kijana anayekaa miaka mitatu na mabaka usoni na viganjani, akibadilishiwa mafuta ya kupaka mara kwa mara, amepoteza miaka ambayo hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha. Hoja hii naikubali, lakini watetezi wake hupita haraka juu ya masharti ya dawa yenyewe. Mwaka 2001 ilibainika kwamba infliksimabu, ya kundi moja na adalimumabu, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na katika nchi ambako maambukizi hayo yameenea sharti hilo si dogo: mgonjwa hupimwa, na akikutwa nayo hutangulizwa dawa za kinga. Homa ya ini aina B nayo hupimwa. Sindano huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zaidi ya yote, haifai kutolewa kwa kukatizwa mara kwa mara, kwani mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na ikirudishwa baada ya pengo isifanye kazi kama mwanzo. Mgonjwa ambaye bima yake hukatika kila msimu wa mavuno unapokuwa mbaya huenda akanufaika zaidi na dawa dhaifu asiyoikosa.

Jambo ambalo pande zote mbili hulizungumza kidogo ni jinsi ukali wa ugonjwa unavyopimwa, na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi. Kipimo cha PASI, chenye alama 0 hadi 72, hutazama wekundu, unene na magamba ya mabaka pamoja na eneo la mwili lililoshikwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na daktari asiyezoea huuandikia alama ndogo. Mgonjwa aliyestahili alama 13 anaandikwa 9, na kwa kuwa masharti ya namna ya NICE huanzia 10, anarudishwa kwenye mafuta. Upo pia mtego wa upande mwingine: soriasisi ikipona huacha madoa meusi au meupe yanayodumu kwa miezi, na mgonjwa, wakati mwingine hata daktari, huyahesabu kuwa ugonjwa na kuibadilisha dawa iliyokwisha kufanya kazi yake. Kugusa baka kwa kidole ili kupima unene wake huweza kueleza zaidi kuliko rangi.

Kwa sababu hiyo napendelea pendekezo lililotolewa mwaka 2020 na Baraza la Kimataifa la Soriasisi, linaloacha majina ya ugonjwa mwepesi, wa wastani na mkali. Mgonjwa anastahili dawa ya mwili mzima, yaani ya kunywa au kuchomwa sindano, ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya ngozi imeshikwa, au ikiwa mabaka yako mahali nyeti kama uso, viganja, nyayo au sehemu za siri, au ikiwa dawa za kupaka zimeshindwa. Lolote kati ya hayo linatosha. Pendekezo hilo halisemi aanze na dawa ipi, na mimi bado ningeanza na methotreksati kwa mgonjwa asiye na kizuizi, au mwanga wa urujuanimno kwa anayeishi karibu na mashine. Sharti langu ni kwamba tarehe ya kuhukumu kama dawa imefanya kazi iandikwe kwenye faili siku ile ile dawa inapoanza, wiki ya 16 au jirani yake, pamoja na dawa itakayofuata. Bila tarehe hiyo, utaratibu wa hatua kwa hatua hugeuka kuwa kusubiri kusiko na mwisho, na lawama ya upande wa pili inakuwa ya haki.

Suala la bei nalo linasogea. Hataza (haki ya pekee ya kutengeneza) ya adalimumabu barani Ulaya ilikwisha Oktoba 2018, watengenezaji wengine wakaingia sokoni na bei ikaporomoka huko, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Punguzo hilo likifika kwenye mikataba ya bima zetu, hoja zitakazobaki za kuichelewesha zitakuwa kifua kikuu, jokofu na uhakika wa kuipata kila mwezi, na zote tatu zinaweza kuchunguzwa kwa kila mgonjwa katika miadi ya kwanza.