Terlipresini au oktreotaidi kwa anayetapika damu?

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria akifika anatapika damu na bandama imevimba, kichocho cha tumbo huwa mtuhumiwa wa kwanza. Mayai ya minyoo yake hunasa ndani ya ini na kuacha makovu. Damu inayotoka matumboni ikikosa njia hujisukuma kwenye mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), nayo huvimba mpaka ikapasuka.

Dawa ya terlipresini haizibi tundu hilo. Hubana mishipa inayopeleka damu kwenye utumbo, damu inayoelekea kwenye ini ikapungua na presha ya umio ikashuka. Dozi ya kawaida ni miligramu 2 mshipani kila baada ya saa 4, kisha miligramu 1 damu ikikata. Kwa saa 48 za dozi kamili unahitaji vichupa 24 vya miligramu 1. Ukianza navyo sita, umeanza matibabu usiyoweza kuyamaliza.

Wanaoipendelea wana hoja nzito: hupigwa polepole kwa mkono, haidai pampu. Oktreotaidi, dawa mbadala wake, huanza na mikrogramu 50 kwa mkupuo, kisha mikrogramu 50 kila saa bila kukatika. Bila pampu, tia mikrogramu 500 kwenye chupa ya mililita 500 ya maji ya chumvi, uendeshe mililita 50 kwa saa: kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 17 kwa dakika. Mgonjwa akikunja mkono usiku, matone yanasimama, na dawa hii haikai mwilini muda mrefu.

Lakini terlipresini haichagui utumbo peke yake. Vidole hupauka na kupoa, tumbo husokota, mapigo ya moyo hupungua, sodiamu hushuka. Ikivujia nje ya mshipa, ngozi inaweza kufa, kwa hiyo tafuta mshipa mnene. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au mjamzito asipewe. Kipimo cha oksijeni kisitoke kidoleni: Marekani ilipoiidhinisha mwaka 2022, tena si kwa kutapika damu bali kwa figo zinazofeli kwa sababu ya ini, iliiwekea onyo kali la kushindwa kupumua.

Utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2014, wagonjwa 780, haukuona tofauti ya maana kati ya dawa hizi katika kuzuia damu. Kwa hiyo kwa mzee mwenye moyo mbovu, oktreotaidi. Kwa kijana mwenye moyo mzima katika wodi isiyo na pampu, terlipresini. (Tahadhari: ushahidi mwingi umetoka kwa wenye ini lililosinyaa, na ini la kichocho mara nyingi bado linafanya kazi vizuri.)

Kosa baya kuliko kuchagua vibaya ni damu kukata, kisha rufaa ikaahirishwa. Kamera inayoshushwa kooni ili kufunga mishipa hiyo kwa mipira inatakiwa ndani ya saa 12. Gari la wagonjwa liitwe dozi ya kwanza inapochanganywa, na dozi ya saa 4 zijazo isafiri na mgonjwa.