Ami, Hayo Si Unayajua?

Kuna watu wamejaaliwa kulipa pesa wakapata walicholipia. Mie simo kwenye hilo daftari.

Mwezi wa saba Mama Zuleha alipokea upatu wake, na huyu mama akishika pesa za upatu lazima itafutwe njia ya kuzitoa mkononi. Mara iliyopita ilikuwa kabati la vyombo. Safari hii akanionesha simu: maji ya kibuluu, chombo kimepandisha tanga jeupe, watu wameshika madafu wanacheka na meno yote nje. Safari ya kutwa kwenye visiwa vya Ghuba ya Menai, hapa hapa kwetu Unguja, kuanzia Fumba, na mtu wa kukuelezea kila kitu.

"Baba Zuleha, wenzetu wanapanda ndege kuja kuona. Sisi tupo Mwanakwerekwe, tunaona nini? Mitumba."

Nikamwambia ile Menai mie nimeijua kabla sijajua kusoma. Kwetu Kizimkazi, babu yangu kaivua hiyo bahari mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilipe niende kuonyeshwa maji ya nyumbani?

"Basi vizuri," akasema, "hutapotea."

Tukalipa. Ipo bei ya mgeni na ipo bei ya mkaazi, na ili upate ya mkaazi sharti utoe kitambulisho. Binti wa pale ofisini akaangalia picha, akaniangalia mie, akaangalia tena picha, akauliza kama kweli nataka kwenda. Hata ile bei ya mkaazi ingeninunulia viroba viwili vya mchele nikabaki na nauli. Nikajipa moyo: angalau nitakaa, nitahudumiwa, na mtu atanieleza. Sijawahi kuelezwa kitu kwa upole tangu nitoke chuo cha Kurani kwa maalimu.

Sasa karatasi ya ratiba. Imeandikwa vizuri, ina rangi, ina vipicha vya samaki. Saa tatu asubuhi kuondoka Fumba, kisha lile ziwa la maji ya chumvi lililo ndani ya mikoko ya kisiwa cha Kwale, kisha chakula, jioni kupumzika kwenye fungu la mchanga. Mie nikatazama mwezi ule usiku uliotangulia, umejaa, nikacheka peke yangu kitandani. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, na bamvua kwetu maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Alfajiri yamejaa, saa nne asubuhi yamekupwa mpaka unawaona kaa wanatembeleana, alasiri yamejaa tena. Ile ratiba wameipanga watu wa ofisini, bahari hawakuiuliza.

Na kweli, tulipofika Fumba chombo kipo kule mbali, kati yetu na chombo ni tope na mawe. Wageni wakadhani ndiyo burudani imeanza. Wamevuliwa viatu, wamepewa vya mpira, wanapiga picha miguu yao ndani ya tope. Kijana wa kuwatembeza, mtanashati, miwani juu ya kofia, akasimama mbele akaeleza kwa Kiingereza kwa nini maji yamekimbia: mwezi, jua, mvutano wa dunia. Akamaliza akaanza tena kwa Kitaliano, na mikono ikaanza kusema pia. Nikasubiri zamu ya Kiswahili. Akanigeukia, akatabasamu:

"Ami, wewe hayo si unayajua?"

Nayajua ndiyo. Lakini nimelipa!

Nikameza. Tukatembea. Na hapo ndipo ilipoanza. Kulikuwa na boksi la barafu la soda na samaki, baharia mmoja kalishika upande mmoja, upande wa pili hauna mtu. Akaangalia Wataliano, akaangalia Wajerumani, akaniangalia mie. "Ami, nipe mkono kidogo." Utakataaje? Mtoto wa watu kakwita ami. Nikabeba, magoti ndani ya tope, na Mama Zuleha kule mbele anashikwa mkono na kijana asije akateleza.

Kwenda tulikwenda kwa mashine kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa usoni, na Kwale ipo kusini ya Fumba. Chombo kinapanda, kinashuka, maji yanaruka, Mtaliano mmoja kabadilika rangi mara tatu kabla hatujaiacha nchi kavu nyuma. Mama Zuleha kavalishwa boya la rangi ya chungwa juu ya buibui, kakaa kwenye godoro lenye kivuli, simu mkononi, anarekodi. Mie nimekaa kwenye ubao wa nyuma karibu na ngama, pale maji yanapokusanyika ndani ya chombo. Kwa nini nyuma? Sijui. Kila aliyepanda kaonyeshwa mahali pa kukaa, nilipopanda mie nahodha akasema tu, "Pita huko, ami," na huko ndiko kulikokuwa na kopo. Maji yakaingia. Kopo likanitazama. Nikaanza kufua maji.

Tukakutana na pomboo. Kundi la haja, wanaibuka, wanazama, wageni wanapiga kelele. Kijana akaeleza kwamba wavuvi wa huku wamewapenda hawa wanyama tangu enzi na enzi. Hapo nikaacha kopo. Kwetu Kizimkazi pomboo alikuwa chambo! Wazee walimkata vipande wakamtia kwenye ndoana ya papa, na hawakumwimbia wimbo. Mapenzi yaliingia miaka ya tisini, wageni walipoanza kumiminika, ikaonekana kumbe pomboo mzima anayeogelea analeta pesa kila siku, wa chambo analeta papa mmoja na basi. Mwaka 1997 ghuba yote ikatangazwa hifadhi, na watu wetu wakawa wapenzi wa pomboo wa kutupwa. Habari nzuri hiyo, tena ya kweli, mgeni angeipenda kuliko ile ya uongo. Nikafungua mdomo.

"Ami," kijana akasema polepole, "usije ukawatisha."

Mama Zuleha akanifinya. Nikarudi kwenye kopo langu.

Lile fungu la mchanga lililoandikwa la jioni tukalikuta asubuhi, kama bahari ilivyotaka. Ni mchanga tu, mweupe, umetoka majini katikati ya ghuba. Hauna mti wala choo. Alasiri halipo, limezama, ungelala hapo jioni kama ratiba isemavyo ungekuwa umelala na samaki taa. Wakatugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Nikamwangalia kijana anavyotayarisha yangu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akakohoa kidogo, akatema mate ndani ya kioo. Akayasugua kwa kidole gumba, taratibu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, pembeni nako hakupasahau. Akasuuza baharini mara moja, akanipa. "Ili isifanye ukungu, ami." Nikaona wageni wote wanatemea miwani yao wenyewe. Mie nimetemewa. Hii ndiyo huduma pekee niliyoipata siku ile bila kuiomba.

Chini ya maji pazuri, sitasema uongo. Matumbawe, samaki wa mistari, kiti cha pweza chekundu, ile nyota ya baharini, kimekaa mchangani hakina habari na mtu. Mgeni mmoja akataka kukitoa nje apige nacho picha, kijana akamkataza, tena kwa ukali wa adabu: kikitoka majini kinakufa, kiache. Hapo nampa haki yake yote. Babu angekitupa pembeni.

Saa saba tupo Kwale. Ile pwani yenye vibanda vya makuti na meza ndefu na vitambaa, ndipo babu yangu na wenzake walipokuwa wanapiga dago. Wanatoka Kizimkazi kwa ngalawa, wanalala mchangani siku nyingi, wanavua usiku, wanakausha ng'onda, maji ya kunywa wamebeba kwenye mtungi, mbu wanawala. Bibi alikuwa akisema mtu akirudi dago hata mtoto wake humkimbia. Sasa napaona pamewekwa mito ya kuegemea, mtu analipa dola kulala pale nusu saa baada ya kula. Babu angelipwa kwa saa alizolala pale tungekuwa na ghorofa.

Chakula kizuri: changu wa kuchoma, kamba, ngisi, wali, mchuzi wa ukwaju. Pweza nilimtafuna mpaka taya likauma, hakupigwa sawasawa. Pweza hupigwa kwenye jiwe mpaka atoe povu, halafu ndiyo umpeleke motoni. Nikaenda kumnong'oneza mpishi kwa nia njema tu, asije akaaibika. Akafurahi mno. "Ah, kumbe fundi! Hebu geuza hao kidogo, ami, nikalete mkaa." Akaenda. Mkaa gani ule sijui, labda aliufuata Pemba. Nikageuza samaki wa watu ishirini, moshi machoni, na foleni ya wageni imenyoosha sahani. Mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kitabuni, "Asante sana, mpishi."

Mezani kijana anaonyesha matunda. Stafeli kalinyanyua juu kwa mikono miwili. Fenesi, nanasi, ndizi za mkono wa tembo. Mama Zuleha, mtoto wa shamba, kakulia Dole chini ya mfenesi, kakaa mstari wa mbele anatikisa kichwa, "Aaa! Kumbe!" Ndiyo kwanza anasikia habari za stafeli. Na kijana anamjibu kila swali. Kwake hakuna cha hayo si unayajua.

Kisha tukaenda kuuona mbuyu. Ni mkubwa kweli, ulianguka zamani ukalala chini, na ukaendelea kuota hivyo hivyo umelala, watu wanapanda juu yake. Kijana wetu akasema una miaka mia tano. Kundi la pili lilikuwa upande wa pili wa shina hilo hilo, kijana wao anasema mia saba. Yaani ukitembea hatua kumi kuuzunguka umeongeza karne mbili. Nikasema ngoja niwakutanishe hawa wapatane, Mama Zuleha akanitazama lile jicho lake. Nikaacha mti na umri wake.

Kuna na ngalawa, wageni wanazungushwa. Hapo kijana alieleza vizuri, gogo la mwembe limechongwa, mirengu miwili ubavuni isipinduke. Akaharibu mwisho: eti wavuvi wetu hawapendi mashine, wanapenda utulivu wa upepo. Nani huyo? Babu alikuwa anaitazama mashine ya boti ya jirani mpaka chai yake inapoa. Alikwenda na upepo kwa sababu upepo hauuzwi kwenye kituo cha mafuta.

Kwenye saa tisa na nusu maji yamejaa, tukaingia kwenye lile ziwa la ndani ya mikoko. Asubuhi, kama ratiba ilivyotaka, tungekuta tope. Maji yametulia, ya kijani, mizizi ya mikoko imesimama pande zote, wageni wamejitupa wanaelea. Mie nilikuwa nimeshika kamba ya chombo. Nani alinipa hiyo kamba, hata sikumbuki tena, ilikuja mkononi. Mama Zuleha akanipungia kutoka kwenye godoro lake: "Baba Zuleha, ulikuwa unajua kama mkoko unazalia mtoto juu ya mti, halafu ndiyo unamwangusha topeni aote?"

Nilikuwa najua! Nilimwambia mwaka tuliooana!

Kurudi ndiyo tanga likapandishwa, maana kusi sasa ipo mgongoni inatusukuma Fumba. Mabaharia wawili, foromali, ule mti wa tanga, nzito, wageni wameshatayarisha simu. "Ami, shika henza." Nikaishika hiyo kamba ya kupandishia tanga. Tukavuta, nyimbo zikaimbwa, na kwa kweli nikaimba na mie, mkono ukakumbuka wenyewe. Ikaja "Ami, shika demani," kamba ya kuongozea tanga, nikaishika hadi nchi kavu, na chombo kikaenda vizuri, nahodha mwenyewe akakiri. Picha zote za siku ile, kwenye simu za Milano na Hamburg, mie nimo: mzee kafunga kikoi, kajaa moshi, kavuta kamba. Mwenyeji halisi.

Fumba tukashuka. Wageni wakajipanga kuwapa mabaharia bakshishi. Mama mmoja wa Kijerumani akapita kwa nahodha, akapita kwa mpishi, akasimama mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia noti ya dola tano na maneno marefu ya shukurani. Nikamtazama kijana anitafsirie, walau hayo.

"Ami, anasema umefanya kazi nzuri sana."

Nahodha naye akanifuata akiwa anakunja kamba. "Ami, kesho tuna kundi kubwa, na baharia wangu mmoja ana harusi ya dada yake. Ungefika saa moja na nusu, nisingekusahau."

Nikavuta pumzi, nikajikusanya, nikatafuta jibu zito la mtu aliyelipa nauli yake. Mama Zuleha akanitangulia:

"Muulize kwanza analipa ngapi."